Ng'ombe Mwekundu katika Kitabu cha Mwalimu

Jumatatu, 10 Machi

Nimepangusa meza za maktaba. Vumbi limerudi kabla sijapanga magazeti. Wasomaji wachache, wengi wamefuata feni.

Madam Esther, mkuu wangu, amenipa kazi mpya. Nikusanye maoni ya wasomaji kuhusu kile ambacho Lodwar yote hukiita Kitabu cha Mwalimu. Mwandishi alikuwa mwalimu kutoka Busia. Alifundisha hapa miaka michache, akaandika riwaya juu ya mji mdogo kando ya mto mkavu na siri za watu wake. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Kanisa lilikikataza, wenye maduka wakakificha chini ya kaunta, mwalimu akahamishwa. Amekwisha kufa. Sasa kimechapishwa tena, na Jumamosi kuna mkutano wa wasomaji Kakuma. Mimi nitasoma sura moja kwa sauti.

Mkataba wangu unaisha Juni. Nimesema ndiyo.

Sijawahi kukisoma. Mama hakukitaka nyumbani. Nilidhani ni kwa sababu ya kanisa.

Jumanne, 11 Machi

Nimezunguka sokoni nikirekodi kwa simu. Muuguzi mstaafu anasema ni kitabu kichafu, na amekirudia tena na tena ili ahakikishe. Katekista hajakisoma lakini anajua kilivyo. Mwenye duka la nguo alikinunua zamani kuona kama yumo. Hayumo. Bado kinamuuma. Kijana wa bodaboda: kirefu mno. Wengi humcheka yule mwanamke wa kitabuni aliyezaa mumewe akiwa malishoni. Wanamcheka kama jirani wanayemjua.

Muuza vikapu mmoja, mama mzee, alisema hivi: "Mwalimu alibadilisha majina ya watu yote. Ng'ombe akamwacha vilevile. Sasa yeye alificha nini?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, kwa adabu tu.

Ni kweli, lakini. Mwalimu alikuwa mgeni. Kwake ng'ombe ni ng'ombe. Hapa mwanamume huitwa kwa ng'ombe wake mpendwa. Humkunja pembe tangu akiwa ndama, humtungia wimbo. Ukimwandika ng'ombe wa mtu umebandika picha yake ukutani.

Jumatano, 12 Machi

Nimekisoma chote. Sura ya tisa.

Mwekundu. Pembe moja juu, nyingine imekunjwa hadi shavuni. Sikio la kushoto limepasuliwa. Kengele yenye ufa.

Ni ng'ombe wa baba. Baba simkumbuki, aliuawa na wavamizi kaskazini mwa Lokitaung kabla sijatembea. Waliomjua walimwita Apaloreng, baba wa yule mwekundu. Picha yake hatuna. Tuna wimbo wa ng'ombe wake. Mama aliniimbia nilipokuwa mdogo, ili nijue mimi ni wa nani.

Katika sura nyingine mwenye ng'ombe huyo yuko malishoni zaidi ya mwaka. Mjini kuna njaa. Mkewe anakwenda kwa mgawaji wa chakula cha msaada. Mume anarudi, anakuta mtoto wa kike. Alfajiri anaondoka na ng'ombe wake bila kusema neno.

Mtoto wa kike.

Sijala leo.

Alhamisi, 13 Machi

Sasa najua kwa nini Mama alihamia Kakuma. Huko hakuna anayemcheka. Ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa. Wagombanao hupelekwa kwake.

Sura ambayo Madam amenichagulia ni ya tisa. Nilimwomba tubadilishe. Nilisema ni ndefu, nikasema lugha yake ni ngumu. Aliniangalia juu ya miwani. "Akiru, kutakuwa na watu wa kanisa pale. Hiyo ndiyo sura pekee isiyo na aibu. Ni ng'ombe tu na mtu wake."

Ningeweza kumweleza. Ili nieleze ni lazima nimtaje Mama. Nimerudi kwenye rafu zangu.

Jioni nilimpigia Mama nimwambie asije. Tukaongea juu ya maji, juu ya mbuzi aliyezaa pacha. Ndipo akasema kina mama wa kanisa wamepewa kazi ya chai siku hiyo. Sare yake ameshaipiga pasi. Atakaa mbele, amsikie mtoto wake akisoma mbele za watu.

Nikamtakia usiku mwema. Mwoga mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata njia. Nitambadilisha ng'ombe. Mweusi, pembe zimenyooka, hana kengele. Nimefanya mazoezi chooni, kimyakimya. Kakuma imejaa wageni. Wasudani, Wakongo, Wasomali. Nani atajali rangi ya ng'ombe?



Jumamosi, 15 Machi

Niandike yote sasa, nisije nikajidanganya baadaye.

Ukumbi ulijaa. Madam aligawa nakala mstari wa mbele. Hilo hakuniambia. Mama alikuwa kando ya meza ya chai, sare ya buluu, anatabasamu.

Nilisoma vizuri mpaka kwa ng'ombe. Nikasema mweusi. Nikasema pembe zimenyooka.

Mzee mmoja Msudani aliinua kidole. Mzee Majok. Hata jina lake ni la ng'ombe wa madoadoa. Kwao nao ni vivyo hivyo. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimesoma miaka yote hii na sikulifikiria.

"Binti, hapa imeandikwa mwekundu. Pembe moja imekunjwa."

Nikasema nimekosea mstari. Hakuridhika. Akasema mtu hawezi kumkosea ng'ombe namna hiyo, rangi na pembe na kengele, ila kwa kusudi. Akageukia watu, akawaambia ng'ombe kama huyu hatungwi kwa kalamu, huyu aliishi, ana mwenyewe. Watu wakaacha kunong'ona. Ningesoma kama ilivyoandikwa, nadhani angesinzia.

"Wewe ni mtoto wa Turkana," akasema. "Huyu ni ng'ombe wa nani?"

Mama alikuwa ameshika birika. Hakumimina.

"Simjui," nikasema. "Huyo ng'ombe simjui."

Hapa kwetu anayemkana ng'ombe wa babake amemkana babake. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nilitaka kumsitiri Mama. Nikaona uso wake, nikajua alichosikia: mtoto wake anajua, na amemkataa yule mtu mbele ya watu.

Nyuma kabisa mama mmoja wa kanisa, aliyewahi kuishi Lodwar, alitamka taratibu, kama mtu anayekumbuka: "Apaloreng." Kina mama wote wanajua Mama ni mjane wa nani. Wakamtazama. Kisha wakatazama vikombe vyao.

Mama alimimina chai mpaka ikaisha. Wengi hawakuinywa.

Madam anasema mkutano ulichangamka.

Jumapili, 16 Machi

Nililala kwa Mama. Asubuhi hakuvaa sare. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia aketi huko. Hakuna aliyemwita aje mbele.

Baada ya ibada wamemwomba apumzike kidogo na uenyekiti. Wamesema kwa upole. Kidogo, wamesema.

Nyumbani alikuwa akichambua maharagwe. Nilimwambia nilitaka kumkinga. Hakuinua kichwa.  Kisha akasema, bila hasira:

"Mwalimu aliandika mtu huyo aliondoka bila neno. Uongo. Aliamka, akakubeba, akakupaka mafuta kifuani mbele ya ng'ombe wake. Akasema huyu ni wangu. Ndipo akaenda malishoni, kama kila mwaka. Yeye alikukubali, Akiru."

Akasimama kwenda kuchota maji. Nilitaka kumsaidia mtungi. Akauhamishia mkono wa pili.

Jumatatu, 17 Machi

Lodwar. Joto. Nimeandika maoni yote kwa usafi. Muuguzi, katekista, mwenye duka. Ya muuza vikapu nimeyaweka. Madam aliyasikia kwenye simu na akayapenda. Ya Mzee Majok pia: anasema mwalimu alijua kuandika ila hakujua alichokiona.

Nimepiga simu Kakuma. Inaita tu.

Nimejaribu kukumbuka wimbo. Maneno ninayo. Sidhani kama nina haki ya kuyaimba.

Alasiri Madam alisoma kurasa zangu, akasema ni kazi nzuri na atanitetea mkataba ukifika mwisho. Amebakiza jambo moja. Anataka na maoni ya mfanyakazi wa maktaba, mistari michache, yafunge taarifa. Nimekaa na karatasi hiyo mpaka saa ya kufunga.

Nimeandika kwamba lugha ya kitabu ni nyepesi na kitawafaa wasomaji wa rika zote.