Chumba cha Chini Nimekitaka Mwenyewe

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko ukipinda usidhani ni uzee, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe maana kusoma na kuandika nilijifunza ngumbaru, kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na ukiichapa gazetini usiweke herufi za kunificha, weka jina langu, Nyanjige wa Sola, wilaya ya Maswa, ili hao ninaowasema wajue ni wao.

Mimi ni mjane, nina mtoto mmoja tu, Gloria, ameolewa Bariadi na kijana anaitwa Athanasi, ambaye tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba amekuwa wakala wa kampuni moja, anazunguka vijijini na mzani, Mungu amemjalia, na sasa anajenga. Kiwanja chake kiko kwenye mteremko, na yeye aliwahi kuona Mwanza nyumba ya mfanyabiashara yenye chumba chini ya ardhi, basi akasema na yangu itakuwa nacho, nitaweka pamba humo ikisubiri bei, akachimbisha. Shimo lilipofika chini fundi akamwambia pamba haiwezi kukaa humo, udongo wa pale ni ule mweusi wa mbuga, mvua zikianza kuta zitatoa jasho na pamba itaota ukungu, kwa hiyo kwenye ramani pamba ikahamishiwa juu, chumba cha mwisho upande wa uani, chenye dirisha pana na mlango wake wa nje wa kushushia magunia. Ndipo Athanasi akawaza jambo ambalo hata ndugu zangu wa tumbo moja hawajawahi kuliwaza, kwamba chumba cha chini apewe mama.

Mama ndiye mimi. Kwetu Wasukuma mkwe na mkwilima wake, yaani mume wa binti yake, hawazoeani, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, tukikutana njiani mimi naacha njia naingia kwenye majani na yeye anageuza uso, na nimefanya hivyo tangu Gloria aolewe bila kulalamika. Lakini magoti yangu sasa hayataki ndoo, mvua zikianza kifua kinanibana silali, na Gloria anatoka Bariadi na mtoto mgongoni kuja kunichotea maji, anapika, anageuza siku hiyo hiyo kurudi kwa mumewe. Sasa Athanasi akamtuma aniambie, mayu, mama yangu, chumba kina mlango wake upande wa chini wa mteremko, wewe utaingia kwa chini na sisi kwa juu, hatutaonana usoni, mila tumeiheshimu na wewe uko nyumbani. Nililia, mshauri, na mimi si mtu wa kulia.

Habari ikamfikia kaka yangu Mashimba, naye akaja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa kwenye viti vyangu, wakanywa uji wangu, kisha akaanza.

"Nyanjige, mkwilima atembee juu ya kichwa chako?"

"Atembee. Ana miguu."

"Na kitanda chao kikiwa juu ya kitanda chako, hiyo nayo unaikubali?"

"Kaka, anayewaza kitanda chao ni wewe. Mimi nilikuwa nawaza usingizi wangu."

Wazee waliangalia chini, mmoja nadhani alikuwa anacheka, Mashimba akasimama akasema, "Ukiingia kwenye shimo hilo umeshajizika mwenyewe. Usitegemee sisi tuje kukuzika mara ya pili."

Nilicheka mbele yake, lakini alipoondoka sikula, kwa sababu ndugu wa marehemu mume wangu walishahama na ng'ombe wao kutafuta malisho upande wa Geita, waliobaki wa kunibeba ni hao hao akina Mashimba, na mimi nataka kulazwa hapa Sola karibu na baba Gloria, si kuzikwa na watu wa kukodi. Hilo ndilo linaloniuma. Hata hivyo siogopi, kama siku hizi kila kitu ni ruksa, pamba ruksa, mitumba ruksa, kwa nini mimi kulala karibu na mtoto wangu iwe marufuku?

Athanasi amesema neno ni la mama, nikikubali fundi anaanza kujenga mawe ya chini, nikikataa shimo linafukiwa, na fundi hataki kusubiri kwa sababu mvua ziko karibu. Mimi moyoni nimeshakubali. Kwa hiyo sikuulizi kama niende. Nataka unipe maneno ya kumjibu Mashimba mbele ya watu ili anyamaze.

Ni mimi Nyanjige, Sola.


JIBU LA EUFRASIA

Mama Gloria, shikamoo. Jina nimeliacha kama ulivyotaka, na Mashimba akisoma asinitafute mimi.

Uliloomba ni dogo, chukua. Waite wazee wale wale, wape uji tena, kisha mwulize kaka yako ni nani kati yao aliyekuchotea maji tangu kiangazi kianze. Usiongeze neno, kaa kimya mpaka mtu aseme kitu. Na hayo ya mazishi yasikunyime chakula. Mtu anayekutisha kwa siku ambayo hutakuwepo anataka tu uishi kwa kumwogopa leo. Nimekaa kwenye misiba mingi ya kwetu huko, na sijaona kaka aliyebaki kwake wakati dada yake analiliwa. Mashimba atakuja, tena atataka yeye ndiye aanze kuongea.

Hapo niko upande wako mzima mzima. Sasa nivumilie nikugombeze, kwa heshima zote, maana una umri wa mama yangu na yeye pia namgombeza.

Umeniandikia mwenyewe kwamba fundi amekataza pamba isiwekwe kule chini kwa sababu itaota ukungu. Pamba ikatolewa, ikapewa dirisha pana. Mistari michache mbele unaniambia mvua zikianza kifua kinakubana hulali. Mama, umeyaandika yote mawili kwenye karatasi moja na hukuyaona, kwa sababu macho yako yote yalikuwa kwa Mashimba. Ungekuwa gunia, usingewekwa humo.

Simsemi vibaya kijana wako. Wakwilima wangapi wangekuwaza hata hivyo? Lakini wema wake ni wa mtu aliyekwisha kuchimba shimo na sasa anatafuta cha kuweka. Na wewe, kwa kuwa umekatazwa, umekazana kulitaka. Hukukaa ukajiuliza kama ni chumba kizuri, ulitosheka kwamba ndugu zako wanakikataa. Kaka yako alisema mkwilima atakukanyaga kichwa, na hapo alikosea, miguu ya mtu juu ya dari haijaua mtu. Maji ya udongo mweusi ndiyo yatakayokuua, na ukifa kwa kifua watasema ni mila imekuadhibu, na watu wataamini. Unataka kuwapa ushindi huo?

Ukatae shimo, lakini usikatae nyumba. Nani alikwambia ni moja kati ya hayo mawili, shimo au Sola? Athanasi ndiye aliyepanga maneno hivyo na wewe ukayapokea. Ile nyumba tayari ina chumba kinachokufaa, umenichorea wewe mwenyewe, chumba cha mwisho upande wa uani, juu, pakavu, chenye dirisha na mlango wake wa nje. Hutashuka mteremko na magoti hayo. Hutapishana na mkwilima koridoni. Hata kitanda kilichomkosesha kaka yako raha hakitakuwa juu yako. Pamba itajengewa banda uani, sakafu ainyanyue juu ya mawe, aezeke bati, fundi anaweza kulimaliza huku nyumba inaendelea kupanda.

Na shimo lifukiwe sasa, kabla mvua haijaingia humo. Wasirudishe ule ule udongo mweusi, walete moramu, ule udongo wa changarawe, na washindilie vizuri kila tabaka, la sivyo nyumba yote itapasuka na mtahama pamoja na pamba yenu. Athanasi atanung'unika kwamba Mwanza wanavyo vyumba vya chini. Wanavyo, juu ya miamba yao. Yeye ajenge kwa udongo wa Bariadi.

Mashimba atasema bado mtalala chini ya paa moja. Ni kweli, na hilo wewe na Athanasi mmeshakubaliana kulivuka, basi vukeni wote mkiwa mmesimama wima. Kama umepata moyo wa kuwagomea wazee kwa ajili ya shimo, utaukosaje kwa ajili ya chumba chenye dirisha?

Jambo la mwisho, na hili usilibadilishe. Usimtume Gloria. Amebeba maneno yenu ya kutosha, pamoja na maji. Nenda Bariadi wiki hii, simama hapo kwenye msingi mafundi wakiwepo, mwite Athanasi kwa jina lake, na umwambie kwa mdomo wako kwamba chumba cha pamba unakitaka wewe. Atainamisha kichwa kwa sababu wewe ni mkwe wake, kisha atainamisha zaidi akishaelewa ulichosema. Usimwonee huruma ukaondoka. Kaa hapo mpaka akujibu.