Juliana na pikipiki ya Baba Violeth

Shoga, acha unachofanya usome. Mdogo wangu Juliana katuharibia.

Leo kwenye tuisheni ya Kiingereza pale Kalangalala, mwalimu Mayala kawafundisha kwamba jambo la uhakika unatumia "must", la kudhani tu unatumia "might". Akasema, "Nipeni mifano ya mtaani kwenu."

Mifano ya mtaani, anamwambia Juliana.

Kasimama. Pikipiki ya Baba Violeth inashinda nje ya saluni ya Suzana kila Jumamosi, kwa hiyo Suzana "must be his girlfriend". Mwalimu kamuuliza, "Una uhakika?" Naye, "Mwalimu, mtaa mzima tuna uhakika."

Darasa limecheka hadi kugonga meza. Kumbe Mama Violeth kajiunga leo, kakaa nyuma kabisa. Mama Violeth huyuhuyu, mama wa ubatizo wa mtoto wa Juliana.

Hajapandisha hata sauti. "Juliana, Jumamosi mume wangu yuko shambani Buseresere. Pikipiki naiendesha mimi. Suzana ananifundisha kusuka."

Anaiendesha yeye. Nani kati yetu aliwaza hilo?

Juliana kamkimbilia mlangoni, "Mama Violeth nisamehe, nilidhani tu." Kajibiwa, "Hukudhani. Umesema una uhakika. Mtoto wako mtafutie mama mwingine."

Sasa yuko chumbani kwangu, kajifunika kanga gubigubi, kula hataki.

Na habari ya pikipiki nilimpa mimi, shoga. Mimi nilipewa na wewe. Wewe ulimwona Baba Violeth kwa macho yako?