Ngozi ya Sikukuu na Maji Yaliyotakata

Alhamisi, mwezi wa kumi. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na haukuondoka hadi saa tatu. Nilipofungua mlango nilikuta ng'ombe wangu watatu wamefungwa kwenye uzio. Hapakuwa na mtu.

Gidamis amenirudishia ng'ombe.

Kwa asiyetoka huku, naeleza. Mtu hapa haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wengine hutunzwa na rafiki, mahali pengine, ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote. Rafiki hunywa maziwa, nawe hubaki mwenye ng'ombe. Mmoja akifa, rafiki hukuletea ngozi iwe ushahidi. Lakini akikurudishia ng'ombe hujamwomba, amekuambia kwamba urafiki umekwisha.

Gidamis ni mfugaji wa Kidatoga. Boma lake liko njia ya kuteremkia Mang'ola. Ametutunzia ng'ombe tangu mke wangu, marehemu Theresia, alipokuwa bibi harusi. Kiangazi hupandisha mifugo kuja kunywa katika bwawa letu hapa Endamarariek.

Mimi ndimi mwenyekiti wa kamati ya bwawa hilo. Kwa miaka mingi maji yake yalikuwa tope tupu, kwa sababu ng'ombe waliingia hadi kifuani. Nilisimamia ujenzi wa uzio, birika la kunyweshea nje yake, na upandaji wa majani ya kuzuia udongo. Tope likatua. Maji yakatakata hata mawe ya chini yakaonekana. Nilijisifu mkutanoni. Naona haya kuandika hivyo.

Kiangazi hiki upepo ulitulia, na maji yakageuka kijani, yenye utando kama rangi iliyomwagika. Gidamis alisita penye birika.

"Mwalimu, mbwa wangu amekataa maji haya."

"Tangu lini mbwa akawa mkaguzi wa maji?" nilimjibu mbele ya watu. "Hayana tope. Nywesha."

Watu walicheka. Naye alicheka kidogo, kwa adabu. "Wewe Mwalimu, hata fisi akilia vibaya utamsahihisha."

Akanywesha.

Siku ya pili yake alileta ngozi ya Sikukuu. Theresia ndiye aliyempa ng'ombe huyo jina, kwa kuwa alizaliwa asubuhi ya Krismasi, na ndiye ng'ombe wa mwisho aliyemkamua kwa mikono yake. Sikumpa Gidamis kiti. Nilimwambia amezembea, amemlisha majani mabaya. Aliitundika ngozi kwenye uzio wa nyumba yangu, akaondoka bila kuaga.

Jana alikuja mtaalamu wa maji, binti mpole. Alichota maji katika chupa, akanieleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu. Ule ukijani ni mwani, mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja. Unahitaji chakula, mwanga, joto na maji yaliyotulia. Chakula kilikuwamo siku zote: samadi, na mbolea inayoteremshwa na mvua kutoka mashambani, ikalala chini ya bwawa. Jua letu la mchana halikosi. Kilichokosekana ni mwanga kufika ndani ya maji, na kilichouzuia ni lile tope. Mimi niliondoa tope, nikaacha chakula. Upepo ulipokoma kuyavuruga maji, mwani ukaelea juu na kuzaana. Mwingine una sumu, na huu aliushuku.

"Uzio ni mzuri, mzee," alisema. "Ila ilipasa kuanzia mashamba ya juu."

Mashamba ya juu, mojawapo ni langu.

Nilifundisha maisha yangu yote. Nilimfokea mtoto aliyejibu kabla ya kufikiri. Mbwa wa Gidamis alifikiri kuliko mimi.

Leo birika limefungwa kwa amri yangu. Nimeishusha ngozi, nimeikunja, nimeiweka juu ya sanduku la Theresia. Sikulia alipozikwa, nililia leo, nikiikunja.

Alfajiri nitawaswaga ng'ombe hawa watatu hadi bomani kwa Gidamis, kwa miguu, mimi mwenyewe. Nitaongeza mtamba wa zizini kwangu. Nitasema mbele ya watu wake, kama nilivyomdhihaki mbele ya watu wangu, kwamba kosa ni langu.

Lango la boma lake hufungwa kwa matawi ya miiba, na hufunguliwa kwa ndani tu.

Atayaondoa?