Chupa ya Pipi Yenye Jiwe la Mama

Jumanne. Jua limetoka na hasira zake mapema. Mvua imegoma, leo siku ya tisa, na mahindi ya jirani yamejikunja kama watu wasiotaka kusalimiwa. Kifua kimenibana tangu asubuhi. Si malaria. Ugonjwa wangu naujua.

Sabina mwanangu, wewe unayechapa daftari langu huko Mwanza na kuliweka kwenye hiyo blogu yako, usirekebishe kitu. Niliishia darasa la nne lakini najua ninachosema. Ukifika mahali pa kunionea huruma, ruka.

Mle ndani ya chupa kila kitu kimekufa.

Kwa wasiojua: ninayo chupa kubwa ya kioo, ya zile za dukani za kuwekea pipi. Chini nimetandika changarawe, juu yake mkaa uliopondwa, kisha udongo wa mtoni, na juu ya udongo yale majani mafupi laini yanayoota kwenye mawe yenye unyevu. Sabina anasema kitabuni yanaitwa kuvumwani. Sisi watoto wa Ngulyati hatukuyapa jina, tuliyakalia tu.

Kazi hii niliiona Lamadi, nilipokuwa napeleka mchicha kwenye hoteli moja ya wageni. Pale mapokezi palikuwa na sanduku la kioo, ndani kijani kimetanda kama zulia, na nje kila kitu kimeungua na kiangazi. Nikamuuliza mpishi, akanieleza. Maji ya mvua tu, ya kisima yana chumvi. Lisikae juani. Usimwage maji, nyunyiza kama umande. Na usitie mbolea. Hapo kwenye mbolea nilimcheka usoni. Msukuma aambiwe asitie samadi! Lakini nilitii.

Majani yangu hayakutoka hotelini. Yalitoka kwenye jiwe la Mama.

Nyuma ya kaya yetu palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba, ubavuni mwake maji yakichuruzika mwaka mzima. Mama alinifundisha kuteka pale, kibuyu kikiwa kikubwa kuliko kichwa changu. Hata mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa kiu, ubavu ule ulibaki kijani. Mama alikuwa akiuegemeza mgongo wake pale akitoka shambani, anafumba macho, anasema, "Niacheni kidogo."

Halafu likaja hili soko huria. Kwanza walikuja wanunuzi wa pamba, kila mmoja na mzani wake na uongo wake. Ushirika ukafa, ghala likawa la popo. Kisha kila kitu kikawa na mnunuzi, mpaka shemeji yangu akauza jiwe.

Jiwe!

Ikaja mashine, wakalipasua kuwa kokoto za barabara. Shemeji akaniambia, "Shemeji, dunia imefunguka." Nikamwambia imefunguka kama kidonda, na nzi wa kwanza ni wewe. Hatusalimiani mpaka leo, na sijutii.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaenda kwenye kipande kilichosalia, nikabandua kijani kwa kisu cha kumenyea viazi. Wiki iliyofuata na kipande chenyewe kikapakiwa kwenye lori. Kwa hiyo mnaelewa. Watu wakija kwangu wanasema, "Bibi ana pambo." Si pambo. Ni pale Mama alipoegemea.

Miezi minne kilistawi. Asubuhi kioo kilikuwa kinatoka jasho kwa ndani, nami nakaa mbele yake na uji wangu kama mtu aliyetembelewa.

Sasa yanakuja mabaya.

Nilikuwa nanyunyiza kwa vidole, na matone yalikuwa makubwa, yanachimba udongo. Nikakumbuka bomba la mgongoni, lile la kupulizia pamba. Lile linatoa umande hasa. Jumapili mbili kabla ya hii ya juzi, baada ya misa, nikalitoa stoo, nikalisuuza mara tatu, nikatia maji ya mvua. Kabula akaniona. Kabula ni mke wa mwanangu Masanja, tunaishi naye uwanja mmoja, naye huniita Mayu, yaani mama.

"Mayu, hilo bomba lina dawa," akasema.

"Dawa ya wadudu. Humu hakuna mdudu."

"Hapana, Mayu, si ile ya..."

"Nyamaza! Bomba hili nimelibeba kabla mama yako hajakuzaa. Wewe umelima pamba misimu mingapi, hata unifundishe?"

Akakunja kanga yake, akaingia jikoni kwake.

Siku ya nne kijani kikawa njano. Ya saba, kahawia. Ya tisa nikigusa kinakatika kama tumbaku kavu.

Nilitafuta mwenye kosa, na sikuhangaika kwenda mbali. Nani aliyetaja dawa? Nani aliyeiangalia chupa yangu kwa jicho lile? Nikamfuata Kabula kisimani Alhamisi asubuhi, wanawake wote wapo na ndoo zao. Hata salamu ya "mwangaluka" sikuwapa. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huyu ana mkono wa kuua. Amenikaushia kitu changu. Huyu ni mchawi."

Nimeliandika hapa kama nilivyolisema.

Mimi. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Mimi ninayejua vikongwe wangapi wa huku walikatwa mapanga kwa neno hilohilo, na macho yao yalikuwa kama yangu. Nilifunga mlango miaka mingi kwa kuliogopa neno hilo, kisha nikamrushia binti wa watu kwa sababu ya majani.

Mmoja kati ya wale wanawake alivuta ndoo yake ili isiguse ya Kabula. Niliona. Wakati ule nilifurahi.

Ijumaa alfajiri Kabula alifunga nguo zake, akambeba mtoto, akarudi kwao Mkula. Hakunitukana. Aliniaga kwa kupiga goti kama desturi, akasema, "Mayu, nimeondoka." Afadhali angenitukana.

Jana Masanja akaja kwangu, uso umevimba kwa kukosa usingizi. "Mayu, nani amelitumia bomba langu la dawa ya magugu?"

"Dawa ya nini?"

"Ya magugu, Mayu. Ile ya kuua majani kwenye mpunga. Nimetumia bomba hilo msimu wote."

Nikamwambia sijui.

Ndiyo, nilidanganya. Umri wote huu.

Enzi za ushirika bomba lilikuwa la wadudu, basi. Bwana shamba alikuja, akatupa dawa moja, tukapuliza wote siku moja. Hii ya kuua majani imeletwa na maduka ya siku hizi, na mimi siingii maduka hayo kwa kiburi. Ndicho Kabula alichotaka kuniambia. "Si ile ya wadudu, Mayu." Maneno machache tu, nami nikamkata.

Waliovunja jiwe la Mama walikuwa na mashine. Kilichobaki nimekimaliza mimi, kwa bomba nililojisifu nalo.

Leo mchana nimeingia jikoni kwa Kabula kutafuta chumvi. Mtungi wake wa maji umekaa juu ya mafiga matatu kwenye kona ya giza. Nikainama. Kwenye figa la nyuma, pale mtungi unapotoa jasho na kudondosha, pana kijani. Kidogo, kama kiganja cha mtoto.

Nilikijua mara moja. Siku ile nilipopanda chupa, vipande vilivyosalia nilivifagia uani, nikasema takataka. Yeye aliviokota. Akavibandika pale, bila chupa, bila mkaa, bila mpishi wa Lamadi. Hakuniambia. Angeniambia ili nimjibu nini? Ningemcheka.

Mtungi ulikuwa mkavu tangu Ijumaa. Kile kijani kimeanza kujikunja kingo. Nimechota maji yangu ya mvua, ndoo nzima niliyokuwa nawanyima watu hata ya kunywa, nikajaza mtungi. Nikakaa pale chini mpaka tone la kwanza likaanguka.

Nimetaka kukibandua nikirudishe kwenye chupa. Kisu nilishakishika. Nimekirudisha mahali pake. Kijani kile ni cha Kabula.

Kwetu, mke akienda kwao, wanatumwa wazee wa upande wa mume. Wanakaa, wanasemwa, wanatozwa, wanarudi naye. Mama mkwe haendi. Mama mkwe akienda, ni kama amevuliwa nguo njiani. Masanja hajatuma mtu. Anaona aibu kueleza wazee kwamba aliyemfukuza mkewe ni mama yake.

Na hata wazee wakienda Mkula, kisimani pale bado kuna wanawake wanaovuta ndoo. Wazee hawatekei maji. Neno nililolitupa pale hakuna wa kuliokota isipokuwa mimi.

Chupa nimeimwaga. Nimeiosha, nimeifunika juu ya kichanja. Sabina, usinitafutie nyingine.

Asubuhi nitakwenda kisimani kabla hawajatawanyika. Nitaweka ndoo chini. Nitasema kwamba bomba nilishika mimi, dawa niliweka mimi, na Masanja nilimdanganya mimi. Kisha nitapanda gari la Mkula peke yangu, na wakitaka kunicheka huko, meno ni yao.

Ile siku ya Alhamisi sauti yangu ilitoka yote, sikukohoa hata mara moja.

Kesho je, itatoka?