Vumbi la Jericho Halina Kosa

Jericho, Nairobi
14 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Nabalayo,

Salamu nyingi kutoka hapa sokoni. Je, kile kikohozi cha baridi ya Ujerumani kimekuachilia? Sisi ni wazima. Goti langu pekee ndilo linalolalamika, na nimelizoea.

Barua yako niliipata, na sitaficha, iliniuma. Umesema chipu kumi na sita kati ya zile ishirini na nne za kunusa maziwa yanayoharibika, mlizonitumia nizijaribu, zilikufa, na kwamba profesa wako analaumu vumbi la Jericho, hivyo boksi la pili lipelekwe mahali safi. Nimetengeneza redio na simu katika vumbi hili miaka thelathini na moja, bila kufundishwa na mtu, na wewe mwenyewe ulijifunza kulehemu kwenye meza hii. Nilikaa siku mbili nimenuna.

Siku ya tatu nikafungua daftari. Vumbi lingeua hapa na pale. Lakini zilizokufa ni ya kwanza hadi ya kumi na sita, kwa mfuatano, na nane za mwisho ziko hai mpaka leo, siku ya arobaini na moja. Nikajiuliza, baada ya ile ya kumi na sita ni nini kilibadilika? Mpwa wangu, thina, ile dawa yangu ya kusafishia, iliisha kwenye chupa.

Unajua desturi yetu mafundi: kitu kikifika mezani, kwanza mswaki na thina, ndipo upime. Ile safu ya molekuli mliyoipandikiza juu ya silikoni, nyembamba hata jicho halioni, niliisugua nikidhani natoa uchafu. Ikabaki silikoni tupu isiyonusa chochote. Kosa ni langu, si la mtaa.

Zile nane ziko kwa Wacera, muuza maziwa. Kila asubuhi alikuwa akinichokoza, "Mzee Opicho, pua yako ya Ulaya imeamkaje?" Mara kumi na moja zimeonya kuwa maziwa yanaharibika. Mara kumi pua yake ilikubali. Ya mwisho alibisha, akayapikia chai, ikakatika mbele ya wateja. Siku hizi ananiita fundi.

Halafu uliwahi kuniambia kwamba hata huko maabara, tatu katika kila kumi hufa kabla ya kupimwa, na hamjui sababu. Hebu tazama mkono wako. Hata kama ni ukingo tu wa chipu unaopangusa, aliyekufundisha kusafisha kwanza ni mimi.

Mwambie profesa boksi la pili lije hapa hapa. Nitazipima zilivyo, na hesabu nitakutumia yote, hata ikinishtaki.

Mke wangu Truphena anakusalimu. Mama yako Phelister pia, ananiuliza utarudi lini kana kwamba mimi ndiye ninayekukatia tiketi. Mungu akulinde na aitulize mikono yako.

Mswaki sasa ni wa viatu, na chupa ya thina sijaijaza.

Akupendaye, pamoja na vumbi lake lote,
Mjomba wako,
Opicho