Na Salamu Iko Saa Ngapi?

Mpendwa Abba, baba yangu,

Leo salamu nitaziweka mwisho. Najua umekunja uso hapo ulipo, maana kwako mtu anayeanza habari kabla ya salamu hakulelewa. Nivumilie kidogo. Nina sababu, na sababu yenyewe ulinifundisha wewe.

Jumamosi wanakuja tena, wale marafiki zangu wa redio uliowaita "watu ya hewa". Ni mara ya kwanza wanarudi Isiolo tangu ulipotutoka, na mimi ndiye ninayepanga siku yao. Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi na sijashona kitu, nakuwaza wewe tu.

Unakumbuka yalivyoanza? Nilikuwa nashona sare za shule huku redio ikinisomea kadi za salamu, mpaka nami nikaanza kutuma zangu. "Fundi Cherehani wa Isiolo anawasalimu Otieno Mzee Kijana wa Kisumu, Bi Mwanaisha wa Changamwe, Karimi wa Maua..." Nao walijibu. Jina langu likitajwa ulipandisha sauti ya redio mpaka mbuzi wakashtuka, kisha ukajifanya hujasikia. Miaka ikapita tukijuana hivyo, majina bila nyuso. Tulipounda kilabu ya salamu na kukubaliana tuonane, mimi kwa kiherehere changu nikaandika: njooni Isiolo.

"Darmi," uliniambia, "unaalika watu hujaona hata kisigino yao?"

Lakini kesho yake nikasikia sokoni kwamba umeshawatangazia wazee: nyumba yako itapokea wageni kutoka kila upande. Niliogopa, Abba. Siku hizo mtu akipanda basi la Nanyuki tulisema ameenda Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, na huko chini walituogopa kwa habari za shifta, wale majambazi wa bunduki. Wasingekuja, aibu ingekuwa yako. Jirani yetu Jillo alikucheka hadharani, mbele ya msikiti.

"Rafiki ya redio ni kama mvua ya redio," alisema. "Inatangazwa Nairobi, huku sisi tunakula vumbi."

Basi nikapanga siku ile kama harusi. Chai kwanza, halafu soko la mifugo, halafu lori la kukodi twende tukaone twiga kwenye mbuga ya Buffalo Springs, halafu pilau, halafu mpira kati ya wageni na vijana wa mtaa wetu wa Bula Pesa, halafu picha. Nilikusomea ratiba yote kwa majivuno. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukauliza, "Na salamu iko saa ngapi?"

"Dakika tano, Abba. Wakishuka tu."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kilabu ya salamu! Salamu dakika tano!"

Mimi sikuona cha kuchekesha.

Siku yenyewe basi lilichelewa. Ulisimama mlangoni na kanzu yako nyeupe, fimbo mkononi. Ng'ambo ya njia Jillo alikuwa amejiwekea kiti kabisa, asikose kuona. Jua likapanda. Nikaanza kutafuta maneno ya kukufariji, na kabla sijayapata nikaona vumbi, kisha basi, kisha watu wanashuka, na wanaendelea kushuka! Karimi na miraa yake iliyofungwa kwa majani ya migomba. Otieno Mzee Kijana, ambaye hakuwa mzee wala kijana, alikuwa mnene. Bi Mwanaisha, buibui limegeuka rangi ya udongo, anapaza sauti, "Fundi yuko wapi nimkumbatie?" Nililia bila haya. Jillo alibeba kiti chake akaingia ndani.

Hapo ndipo ulipoziba mlango kwa fimbo. Hakuna aliyepita bila kusalimiwa, tena kwa zamu, mkono kwa mkono.

"Nagaa, amani iko? Umelala salama? Mvua kwenu iko? Nyasi iko? Ng'ombe yako iko salama?"

"Alhamdulillahi, baba," alisema Bi Mwanaisha. "Ng'ombe sina miye, nina paka."

"Paka iko na afya?"

"Mzima. Kazaa juzi."

"Mungu aongeze."

Mimi nyuma yako narukaruka kama niliyekanyaga siafu. Chai inapoa, lori linapiga honi. Ikafika zamu ya Otieno. Alijibu yote, lakini mkono wako hakuuachia.

"Na wewe mzee?" akakurudishia swali. "Ng'ombe yako iko salama?"

Mtaa mzima ulijua swali hilo huulizwi. Ng'ombe wako waliisha katika miaka ile ya vita tunayoiita daba, na tangu hapo watu walikusalimu wakiruka mahali hapo, kwa huruma. Hata ulipoanza upya na mitamba michache kule Sericho, chini ya mkono wa kaka, hakuna aliyekuuliza. Otieno wa Kisumu angejuaje?

"Iko," ulisema, sauti ndogo. Kisha ukainua kichwa, na nina hakika Jillo alisikia mpaka chumbani kwake: "Iko! Bado kidogo, lakini iko! Iko Sericho, inazaa!"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo nilidhani ni wa kusemwa tu, mpaka siku ile nilipomwona mwenyeji akipona mbele ya macho yangu. Uliwaeleza rangi ya kila mtamba, nao wakauliza majina. Lori lilienda zake. Mpira haukuchezwa, twiga hatukuwaona, na pilau tuliila jua likizama. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeulizia ratiba. Na baadaye redio iliposoma kwamba Mzee Kijana wa Kisumu anamsalimu mzee wa Isiolo na ng'ombe wake wa Sericho, ulifungua dirisha la upande wa Jillo.

Sasa ratiba ya Jumamosi iko tayari. Ina maneno mawili: salamu, chakula. Saa sijaandika. Jana Jillo alikuja, mzee kweli siku hizi, akaomba kiti chake kikae upande wetu safari hii. Nimemkubalia. Lakini fimbo nitaishika mimi, na huyo Otieno asidhani atapita haraka.

Haya, salamu zako, sasa hakuna kinachoziharakisha. Abba, nagaa? Umelala salama? Huko mvua iko? Nyasi iko? Majirani wema? Huku sisi wazima. Cherehani iko salama. Paka wa Bi Mwanaisha, nasikia, ana vitukuu.

Na ng'ombe yako, Abba. Kaka anasema wakifika kisimani Sericho, wa mbele wameshakunywa na kuondoka, wa nyuma bado hawajaonekana.

Iko, Abba. Iko!

Binti yako wa mlangoni,
Darmi, Fundi Cherehani wa Isiolo