Goli la Kutoka Katikati ya Uwanja

Mont-Brûlé,
Jumatatu, 16 Aprili 1951

Mdogo wangu Rosaire,

Salamu zangu zikufikie hapo kitandani hospitalini, na nyuma ya salamu, pole. Pole ya jicho, pole ya ubingwa. Umeamkaje leo? Maumivu yamepungua? Nauliza kama vile utanijibu, ilhali jana ulimtuma mtu mlangoni aniambie kwamba huna kaka. Sisi hapa nyumbani tu wazima wa mwili. Mama chakula hakimpiti tangu Jumamosi, na hasemi na mimi. Ile supu ya njegere anakuletea mke wangu Blandine mwenyewe, maana nikiibeba mimi utaimwaga.

Najua macho yako yote mawili yamefungwa bandeji na atakayekusomea barua hii ni Sista Philomène. Sista, nisamehe kwa yatakayopita kinywani mwako. Rosaire akikwambia uache, tafadhali usiache. Msomee mpaka mwisho hata akigeukia ukutani. Keshokutwa treni inampeleka Québec kwa daktari wa macho, na akiondoka kabla ya kunisikia hatarudi tena huku. Huyu aliwahi kukaa miaka minne bila kusema na baba yetu kwa sababu ya farasi.

Kwa kuwa Sista hajui mambo ya hoki ya barafuni, nieleze kidogo. Kila timu husafiri na golikipa mmoja tu. Akiumia, timu mwenyeji ndiyo inayomwazima mpinzani wake mtu wa kusimama golini. Ndiyo kanuni ya ligi, na katika uwanja wetu mtu huyo ni mimi, mnoa viatu vya barafu na mfua jezi. Miaka minane nimekaa kwenye kiti changu nikitafuna karanga, hakuna aliyewahi kuumia.

Basi Jumamosi ilikuwa mechi ya saba. Ninyi wa Port-Laurent mmeshinda tatu, sisi tatu, na atakayeshinda siku hiyo ndiye bingwa. Mlikuwa mnaongoza mbili kwa moja, kipindi cha tatu ndiyo kwanza kimeanza, kile kisahani cha mpira mgumu kikaruka kikakupiga usoni. Nilikimbia na taulo. Kocha wako alinitazama kama mwizi aliyekutwa jikoni. Akasema heri amvalishe pedi mshambuliaji wake yeyote kuliko kumweka golini mtu wa Mont-Brûlé. Wewe, damu mpaka kifuani, ukamwambia asihangaike, anipe jezi yako, huyu ni kaka yako na anadaka kuliko wewe. Ukarudia mara ya pili walipokuinua: anadaka kuliko mimi. Nilikusikia, Rosaire. Tangu siku hiyo sisikii kitu kingine.

Nikavaa jezi yako ingali na joto lako. Watu wangu mwenyewe, niliowanolea viatu asubuhi, wakaanza kunishambulia. Ovila Gingras alipiga kelele toka jukwaani kwamba Adélard leo atakula kwa nani akirudi nyumbani, na uwanja mzima ukacheka. Niliokoa mawili matatu. Goli lao la kwanza kwangu lilimgonga mtu mguuni likabadili njia, hilo hata wewe lingekupita. Zikabaki dakika mbili, sare.

Goli la mwisho ndilo lililokufanya unikane, na wenzako hawakukudanganya. Lilipigwa toka katikati ya uwanja, taratibu, na mtu aliyekuwa anatupa tu kisahani mbele ili apumzike. Mbele yangu hapakuwa na mtu. Kikaja kinateleza, kikapita katikati ya miguu yangu.

Wenzako walinitemea mate. Wa kwetu wakanibeba mabegani. Ovila akaniinamia sikioni akasema mji mzima unajua nilichokifanya, kwamba mwanamume anayeutanguliza mji wake mbele ya damu yake ni mmoja kwa elfu. Nami nikatabasamu. Sikukana. Bia nikanywa. Jana baada ya misa wazee walinivulia kofia, na mimi nikazirudisha salamu kama mbunge. Mama aliyaona yote. Alichukua koti lake akatembea peke yake.

Sasa sikiliza, na Sista tafadhali soma polepole. Mimi sikuliachia goli lile. Nilikuwa nakiona kisahani tangu kilipoondoka kwenye gongo. Nilijiambia funga miguu, Adélard. Mguu ukachelewa. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, na sikuweza.

Hayo tu. Ni rahisi kuyaandika, lakini siku mbili nzima nimeona afadhali mji unione msaliti wa ndugu yake kuliko unione nilivyo. Afadhali hata wewe uniamini msaliti. Ndivyo nilivyo mshenzi. Unakumbuka tulivyofunga vitabu vya matangazo ya duka miguuni badala ya pedi tukadaka pale mtoni maji yakishaganda, mpaka yule mtafuta wachezaji akaja kuchagua mmoja wetu? Miaka ishirini, kila Noeli, nimekaa mezani nikisema ungechaguliwa wapi wewe, kama si homa yangu ya siku ile. Na wewe kila Noeli ulikubali. Ulisema ni kweli, kaka ndiye aliyenifundisha, kaka ndiye golikipa. Nilidhani unanistahi tu. Sikujua kwamba uliniamini.

Haikuwepo homa, Rosaire. Nilisimama golini nikiwa mzima kabisa, nikafungwa tisa, nikaenda kujilaza nikijifanya mgonjwa. Kocha wako alikuwa na haki ya kumweka mshambuliaji wake. Uongo wangu ndio uliompa jezi mtu asiyejua kudaka, na jicho lako limekwenda kwa ubingwa nilioupoteza mimi.

Leo mchana nilikwenda kwa Ovila kazini, mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba goli lile sikuliachia, lilinishinda. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Kesho hakuna atakayenivulia kofia, na ni sawa.

Blandine anakusalimu sana. Mama nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema homa ile hakuwahi kuiamini, kisha akaniwekea sahani. Anasema uvae soksi za sufu kwenye treni. Keshokutwa nitakuwa stesheni tangu asubuhi, na kwa kuwa hutaniona, nitakohoa.

Waambie wenzako, waambie Port-Laurent nzima, kwamba una kaka golikipa mbovu kuliko wote waliowahi kuvaa pedi. Nitakubali kila neno. Ila usiseme huna kaka.

Wako,
Adélard